Kishikwambi cha Sensa Kitoke Nje ya Darasa

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilipokwisha, Serikali ya Tanzania iliamua vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu vigawiwe kwa walimu. Uamuzi ulikuwa mzuri. Kifaa kilichopita kaya kwa kaya kikiuliza idadi ya watu, vyumba na mifugo kina kamera, kina saa, na kinajua mahali kilipo. Mpe mwalimu wa biolojia kifaa cha namna hiyo katika shule yenye mwembe, mipapai miwili mitatu, ua wa minyaa na kijishamba cha mahindi, nawe umempa maabara ya botania ambayo shule nyingi za kata hazitajengewa leo wala kesho.

Nenda sasa ukaone kinavyotumika. Andalio la somo limo humo, kikundi cha WhatsApp cha walimu kimo humo, na kitabu cha kiada kimo humo, ambacho mwalimu anakinakili ubaoni neno kwa neno kama alivyokuwa akinakili kile cha karatasi. Mwembe uko dirishani. Watoto wanachora ua la haibiskasi kutoka kwenye mchoro wa ubaoni, uliotoka kwenye mchoro wa kitabuni, na ua lenyewe limechanua hatua ishirini kutoka mlangoni, karibu na bomba.

Msimamo wangu ni huu: kifaa cha kidijiti kina faida katika botania pale tu kinapomfanya mwanafunzi autazame mmea kwa muda mrefu kuliko angeutazama bila hicho kifaa. Kikimfupishia kutazama, kimempunja, hata kama kimempa jibu sahihi. Na mengi tunayoyapigia makofi kwenye semina za TEHAMA yanafupisha.

Tuanze na kinachosifiwa zaidi, programu za kutambua mimea. Unaielekeza kamera kwenye jani, unabonyeza, na baada ya sekunde chache jina la kisayansi linatokea. Pl@ntNet, iliyobuniwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, inafanya hivyo. iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili huko Berkeley, Marekani, inafanya hivyo pia na kuongeza jambo la maana: watu halisi wanaokagua jibu, wanaolipinga na kulisahihisha. Ndugu yake mdogo, Seek, haimlazimishi mtoto kufungua akaunti, na ikishapakuliwa huweza kutambua mimea hata pasipo mtandao. Kwa shule ya sekondari ya kawaida, hiyo ya mwisho ndiyo ningeichagua, kwa sababu hizohizo mbili.

Sizibezi. Lakini programu hizi hazijui botania, zinajua picha. Zimefunzwa kwa mamilioni ya picha zilizopigwa na watu, na sehemu kubwa ya watu hao wanaishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mwarobaini, mlonge na mwembe hutambuliwa bila taabu, maana imepandwa katika nusu ya dunia na kupigwa picha kila kona. Kichaka kinachoota kwenye bonde moja la milima ya Uluguru na kwingine popote hakipo, ambacho picha zake mtandaoni hazijazi kiganja, programu haijafundishwa kukijua. Itakupa jamii inayokaribiana nacho, au itakutajia ndugu yake wa mbali aliyeko Brazili. Kadiri mmea unavyokuwa wetu peke yetu, ndivyo mashine inavyozidi kubahatisha. Mwalimu asiyejua hili atawaamrisha watoto waandike daftarini kosa lililovaa jina la Kilatini.

Hata ikipatia, tatizo halijakwisha. Chukua kishonanguo, lile gugu ambalo kila mtoto aliyekatiza kichakani amerudi nalo limemganda kwenye kaptula. Kamera itasema Bidens pilosa, na kwa mmea huu itakuwa sahihi karibu kila mara. Mtoto ataandika jina, atapewa tiki, atageukia mmea mwingine. Hajajiuliza kile kijiti cheusi kilichomganda ni mbegu au ni tunda. Karibu wote watasema mbegu. Ni tunda, kavu, lisilopasuka, lenye mbegu moja ndani, na vile vimiiba juu yake ni mabaki ya sehemu ya ua iliyo mahali pa kalisi, yale majani madogo yanayolifunika ua kabla halijachanua. Ukikitazama kwa lenzi unaona vimiiba hivyo vina vikulabu vinavyoelekea nyuma, ndiyo maana kuingia ni rahisi na kutoka ni shughuli. Hapo somo la usambazaji wa mbegu linakuwa limekamilika bila ubao, na mtoto amejifunza tofauti ya mbegu na tunda kwa namna ambayo hataisahau. Jina la Kilatini lilipaswa kuja baada ya yote hayo.

Kwa hiyo utaratibu ungegeuzwa. Watoto watoke na daftari na penseli, vikundi vya watu sita au saba, kila kikundi na mmea wake. Wachore wanachokiona. Majani yamepangwaje kwenye shina, yanakabiliana au yanapishana? Mishipa ya jani inakwenda sambamba au imefumana? Ukilivunja, linatoa utomvu? (Hapa mwalimu awe macho: utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni balaa, na mnanaha unaoota majalalani ni sumu kutoka mzizi hadi mbegu. Kanuni ya kwanza ya kipindi ni kwamba hakuna anayeonja wala kuvunja kitu bila ruhusa.) Wakishachora, wataje mmea huo kwao nyumbani unaitwaje, kwa Kiswahili, Kisambaa, Kimakonde au lugha yoyote waliyo nayo. Kisha waseme unafanana na mmea gani wanaoujua, na kwa nini. Wakishafika hapo, ndipo kishikwambi kitoke kwenye begi. Programu itoe majina matatu au manne ya kubahatisha, na kikundi kiamue kati yake kwa kutumia michoro yao: hili hapana, maua yake yana petali nne na letu lina tano. Mashine inageuka kuwa mwanafunzi mwenzao anayeropoka majibu, nao wanamkagua. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi kwa yote haya, na hilo nalikubali. Viwili vilivyoungana vinatosha.

Hilo ndilo ninaloweza kusema kwa ajili ya utambuzi. Lakini utambuzi ndio utumizi mdogo kuliko yote wa kifaa kile, na nashangaa kwamba semina zetu huishia hapo. Kilicho na thamani kubwa zaidi ndani ya kishikwambi ni kamera ikifanya kazi pamoja na saa.

Mmea una mwendo, ila mwendo wake si wa kasi ya macho yetu. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, walizungumzia tabia hii ya binadamu ya kutoiona mimea iliyo mbele yake na wakaiita upofu wa mimea. Mtoto anamwona kuku kwa sababu kuku anakimbia. Kamera inaweza kumfanya mchicha nao ukimbie. Panda maharage na mahindi kwenye glasi yenye pamba au udongo, simamisha kishikwambi mbele yake juu ya matofali, piga picha moja kila baada ya saa moja, kisha ziunganishe ziwe video. Programu za kufanya hivyo ni za bure. Watoto watauona mzizi ukitangulia kutoka, wataiona shingo ya maharage ikijipinda na kuzivuta kotiledoni, yale majani ya kwanza yaliyomo ndani ya mbegu, juu ya ardhi, na watayaona mahindi yakiiacha punje yake chini kimya kimya.

Hapo vitabu vyetu hukomea. Maharage upande huu, mahindi upande ule, na mwanafunzi anatoka akiamini kwamba mimea yote ya kotiledoni mbili huzitoa juu na ya kotiledoni moja huziacha chini. Ongeza glasi mbili: moja ya kunde, nyingine ya mbaazi. Zote ni jamii ya mikunde, zote zina kotiledoni mbili, zote zinauzwa soko moja kwa pishi moja. Kunde itazitoa kotiledoni zake juu kama maharage. Mbaazi itaziacha chini ya udongo kama mahindi. Kanuni waliyoikariri imevunjika mbele ya macho yao, tena kwa mmea ambao bibi zao wameupanda maisha yao yote, na swali linalobaki mezani ni swali la kisayansi hasa: kama si idadi ya kotiledoni, basi nini kinachoamua? Watoto wakianza kubishana kuhusu urefu wa kipande cha shina kilicho chini ya kotiledoni na kilicho juu yake, mwalimu akae pembeni. Mimi ningetoa mihula miwili ya michoro ya ubaoni kwa glasi hizo nne.

Mpapai nao una hazina isiyoguswa. Katika uwanja mmoja wa shule huweza kuwapo mpapai dume, wenye maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, na mpapai jike, wenye maua manene yaliyokaa karibu na shina. Upo pia wenye maua ya jinsia mbili. Ni nafasi gani nzuri kuliko hiyo ya kufundisha kwamba mimea nayo ina jinsia, na kwamba jinsia hiyo haikupangwa kwa namna moja tu? Kila juma kikundi kinapiga picha ya mti uleule, kutoka mahali palepale, saa ileile. Baada ya muhula mmoja wana kumbukumbu ya maua yaliyotokea lini, yapi yalipukutika, yapi yalifunga matunda.

Tena kuna ile imani ya mitaani kwamba ukipigilia msumari kwenye shina la mpapai dume, utazaa. Wapo wanaoapa kwamba wameona. Mwalimu mwenye haraka ataiita ushirikina na kuendelea. Mwalimu mwerevu atauliza: tutajuaje? Tafuta mipapai dume kadhaa, baadhi ipigiliwe misumari, mingine iachwe, yote ipigwe picha kila juma. Kwa sababu baadhi ya mipapai dume hutoa matunda machache yenyewe majira yanapobadilika, bila msumari wowote, mtoto anagundua kwa nini jaribio lisilo na kilinganishi halithibitishi kitu. Anayesema mti wake ulizaa baada ya msumari huenda anasema kweli tupu na bado hajathibitisha kwamba msumari ndio sababu.

Kamera hufika pia pale ambapo mwanafunzi hawezi kukaa. Ua la mbuyu hufunguka jioni, hutembelewa na popo usiku, na kabla ya siku kupita limenyauka na kudondoka. Mtoto wa Dodoma au Kilifi ameyaokota maua hayo asubuhi miaka yote bila kuliona lililo wazi na bichi. Video fupi aliyopiga mlinzi wa shule saa mbili usiku ingeeleza uchavushaji kuliko kurasa za nyuki na vipepeo. Kinyume chake kuna kifauwongo, anayefunga majani yake ukimgusa tu. Huyo ni mwepesi mno, na kamera ya kupunguza kasi ndiyo inayoonyesha kwamba vijani havifungi vyote pamoja, bali taarifa husafiri jozi kwa jozi kutoka pale palipoguswa. Pima umbali kwa rula, soma muda kwenye video, gawanya. Fizikia ya kidato cha kwanza inakutana na botania bila mtu kuialika.

Na wale wenye bahari? Kwa mwanafunzi wa Bagamoyo, Lamu, Kilwa au Pemba, kufundishwa namna mimea inavyokabiliana na mazingira magumu kwa mfano wa kakati wa jangwa la Amerika ni kichekesho kisichochekesha. Umbali wa kutembea kwa mguu ana mchu, Avicennia marina, ambao mizizi yake imechomoza matopeni ikielekea juu ili ipate hewa, na ambao majani yake hutoa chumvi nje hadi punje zake zinaonekana jua likiwaka. Ana mkoko, Rhizophora mucronata, uliojishikiza kwa mizizi ya magongo, na ambao mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia ikirefuka mpaka idondoke tayari ikiwa mche. Ana mkandaa, ambao gome lake limetia rangi nguo na nyavu za wazee wake. Maji yakitoka, darasa liko wazi. Kishikwambi kinafaa hapo kwa kazi moja mahususi: kuweka alama ya mahali ilipo kila aina, kutoka ukingo wa bahari hadi nchi kavu. Alama hizo zikiwekwa kwenye ramani, mpangilio unajitokeza wenyewe, aina hii mbele, ile nyuma yake, na watoto wanalazimika kueleza kwa nini. Majibu ya chumvi, kina cha maji na muda wa kufunikwa na bamvua watayafikia wao kabla hayajatamkwa na mwalimu. Mvuvi mmoja akialikwa aje na majina yake ya miti hiyo, ambayo hayatafanana na ya kijiji cha pili, somo linazidi kunoga.

Jambo jingine linalowasumbua walimu ni majina yenyewe kubadilika. Kitabu kinasema mgunga ni Acacia. Programu inasema Vachellia. Nani mwongo? Hakuna. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kundi kubwa lililoitwa Acacia lilikuwa ni makundi kadhaa yasiyo ndugu wa karibu, na mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 ukaamua jina la Acacia libaki na miti ya Australia, ambayo ndiyo yenye spishi nyingi zaidi. Uamuzi huo ulithibitishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga yetu ya Serengeti, ambayo picha zake zipo kwenye kila kalenda ya utalii, ikapewa majina ya Vachellia na Senegalia. Wanabotania wengi wa Afrika walikasirika, na sidhani kama walikosea kukasirika.

Lakini tazama somo lililomo humo. Mwanafunzi wa Shinyanga au Longido anaweza kuitofautisha migunga hiyo mwenyewe kwa mkono: kwa kawaida Vachellia ina miiba iliyonyooka, miwili miwili, na maua yaliyokusanyika katika vifundo vya duara, Senegalia ina miiba mifupi iliyopinda na maua marefu kama mswaki. Mzozo wa mabara mawili unaweza kuamuliwa kwa kuangalia tawi lililo nyuma ya choo cha shule. Hali ni hiyohiyo kwa ua la Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwao na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo limejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Kitabu cha kiada kinachosubiri miaka kumi kabla ya kuchapwa upya hakiwezi kufuata mambo haya. Kanzidata ya mtandaoni inaweza, na hapo dijiti inastahili sifa bila masharti.

Inastahili sifa pia kwa kitu kingine ambacho Waafrika Mashariki tunakidai kwa haki. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti Amani, katika Usambara Mashariki, mwaka 1902, walianza kukusanya mimea iliyokaushwa. Hifadhi ya mimea mikavu iliyozaliwa hapo ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, ambako ipo hadi sasa. Vielelezo vingine vingi vya nchi yetu vilikwenda Berlin, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 sehemu kubwa ya hifadhi ya Berlin iliteketea kwa mabomu, ikiwemo mimea ya Usambara na Kilimanjaro ambayo ilikuwa kipimo cha majina yenyewe. Vingine viko katika bustani ya mimea ya Kew, London, na hapo ndipo ilipoandikwa kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na zaidi ya spishi 12,000. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ni seti ya vitabu vingi pia, ya bei kali, ambayo sijawahi kuiona katika maktaba ya shule yoyote ya sekondari. Sasa vielelezo vya Kew vinapigwa picha na kuwekwa wazi. Mwanafunzi wa Muheza anaweza kuuona kwenye kioo mmea uliong'olewa kwenye kilima anachokiona kutoka darasani, ukiwa na lebo ya mwandiko wa mkono ya miaka mia moja iliyopita, na akaenda kuangalia kama bado upo. Swali hilo, bado upo au haupo, ni utafiti halisi, na linagharimu bando la siku moja.

Bando, kwa kweli, ndilo linalokwamisha zaidi ya yote. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na sina haja ya kubishana na hilo, kwa kuwa kifaa kimoja cha mwalimu kwa kikundi kinatosha. Lakini mwalimu anayenunua intaneti kwa mshahara wake ili kufundisha kazi ya serikali anatendewa isivyo haki. Chaki hununuliwa na shule. Bando nalo liingie humo humo, kwenye daftari lilelile la matumizi.

Picha za wanafunzi zinaweza pia kurudisha kitu. Gugu karoti, Parthenium hysterophorus, lilitokea Amerika na sasa linaenea Arusha na mikoa ya jirani. Linaharibu malisho, linawasha ngozi na kuchochea pumu, na mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Shule kumi zikiliwekea alama kila linapoonekana kando ya barabara, bila kuligusa, ofisi ya kilimo ya wilaya ingekuwa na ramani ambayo haina bajeti ya kuitengeneza yenyewe. Kwenye iNaturalist, kumbukumbu moja inahitaji kukubaliwa na zaidi ya theluthi mbili ya wanaoikagua ndipo ihesabiwe kufaa kwa utafiti. Mtoto wa kidato cha tatu aliyeona picha yake ikipita hapo amefanya kazi iliyopimwa na watu asiowajua, kwa kipimo kilekile wanachopimwa watu wazima.

Ila si kila kitu kiwekwe hadharani. Nyanda za juu kusini, Makete na jirani zake, viazi vya okidi vimechimbwa kwa miaka mingi na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Hifadhi ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hayo hasa. Mwanafunzi akipandisha mtandaoni picha ya okidi adimu ikiwa na mahali pake kamili, amempa mchimbaji ramani ya bure. Programu nzuri huficha mahali pa spishi zilizoorodheshwa kuwa hatarini, lakini si zote zimeorodheshwa, hivyo mwalimu ajifunze kuficha kwa mkono kabla ya kufundisha kupandisha picha. Na dawa za mitishamba alizozitaja babu kwa mjukuu wake zibaki daftarini, mpaka babu mwenyewe aseme vinginevyo.

Nimesikia pingamizi moja lenye uzito, nalo ni la mtihani. Mwalimu anasema: haya yote mazuri, lakini mwisho wa siku Baraza la Mitihani litauliza sehemu za ua, nami nitahesabiwa kwa daraja la kwanza nilizoleta. Ana haki. Walimu hufundisha kinachoulizwa, na hawatabadilika kwa kuhubiriwa na mwandishi wa makala. Mimi pia nisingebadilika. Ukitaka wayapeleke madarasa nje, badilisha swali.

Wapo wanaodai kwamba maswali ya mimea ya kienyeji hayawezi kusahihishwa kitaifa, kwa kuwa wa Mtwara hana mmea wa Kagera. Si kweli. Weka kwenye karatasi picha nne za mpapai mmoja, zilizopigwa kwa tofauti ya majuma mawili mawili. Uliza: mti huu ni wa jinsia gani, picha ipi inathibitisha, na ni picha gani ya tano ambayo ungeipiga ili kuondoa shaka iliyobaki? Mpapai unaota kutoka Mtwara hadi Kagera. Alama mbili kwa jinsia, nne kwa ushahidi, nne kwa picha ya tano, na msahihishaji akubali jibu lolote kuhusu picha hiyo ya tano lenye sababu inayosimama. Kinachohitajika ni ukurasa mmoja wa rangi kwa kila mtahiniwa, au michoro minne ya mistari ikiwa fedha ya rangi haipo.